Chumba Kimoja, Mtaa wa Sita

Watu wakisikia kwamba niliwahi kukaa fleti ya Muhindi Kampala, enzi zile za jeshi, hunitazama kwa jicho la husuda, kana kwamba nilichuma mahali. Huwaambia wakae chini kwanza. Ilikuwa fleti ya chumba kimoja cha kulala, juu ya kiwanda cha sabuni kilichokufa, na wiki tano za mwisho mume wangu hakulala ndani yake hata siku moja. Alilala chini, kwenye chumba cha boila, kwa sababu ya mama yangu.

Nianze na nyumba yenyewe. Masinde, mume wangu, alikuwa fundi wa boila. Tulitoka Busia, upande wa Kenya, mwaka sitini na nane, akaajiriwa na Wahindi wawili ndugu waliokuwa wakipika sabuni Mtaa wa Sita, kule kwenye viwanda, chini ya kilima cha Kibuli. Wahindi walipofukuzwa, kiwanda akapewa mwanajeshi mmoja asiyejua kama sabuni hupikwa au huchimbwa. Akahitaji mtu wa kuwasha moto. Ndipo kamati ya kugawa nyumba ikampa Masinde barua yenye mhuri: fleti ya juu, alimokuwa akikaa msimamizi, ni yake maadamu anaishi humo yeye mwenyewe. Alifurahi mpaka akaisoma barua ile kwa sauti mara tatu, mtu ambaye hata Biblia aliisoma kimoyomoyo.

Mwaka sabini na nne mafuta yakaisha, sabuni ikaisha, mwanajeshi naye akaondoka na mashine mbili kwenye lori. Mtaa ukageuka mbele ya macho yetu. Kiwanda cha biskuti kikawa ghala la matairi ya jeshi. Cha mablanketi kikawa gereji ya magari ambayo hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Fleti za wasimamizi, ambazo zamani zilikuwa na mashati ya kazi yaliyoanikwa madirishani, sasa zilikuwa na mapazia mekundu na redio za wake wadogo wa maofisa. Masinde akawa anatengeneza majiko ya mkaa kwa mabati ya kiwanda, mimi nayauza. Tulibaki pale kama meno mawili kwenye kinywa cha mzee, na kila ofisa aliyepita aliinua macho kuitazama roshani yetu.

Siwalaumu kwa kuitamani. Ilikuwa na maji ya bomba, sakafu ya vibao vilivyong'aa, na bafu la kujilaza ndani. Ila bafu lile, na choo chake, vilikuwa ndani ya chumba cha kulala. Ukitaka kujisaidia, lazima upite ubavuni mwa kitanda. Muhindi aliyeichora nyumba ile hakuwa na mama mkwe, au alikuwa naye na alitaka asikae.

Mama alikuja mwishoni mwa Juni, mwaka sabini na sita. Mimba mbili zilikuwa zimenitoka, hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa nane, na mama akasema safari hii hangoji kuitwa. Akapanda basi na kuku wawili na mfuko wa wimbi. Nilipomfungulia mlango nililia, kwa furaha na kwa woga, maana nilijua kitakachofuata.

Kwetu sisi Wasamia, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatajani majina, na hawalali chini ya paa moja. Mmoja kukiona kitanda cha mwenzake ni mwiko mzito. Kijijini hilo halina tabu, mgeni hulazwa kwenye nyumba ya jikoni na maisha yanaendelea. Lakini fleti haina nyumba ya jikoni. Jioni ile Masinde alipanda ngazi akipiga mluzi, akaviona viatu vya mama mlangoni, mluzi ukakatika katikati. Akageuka palepale. Nilimfuata nikamkuta kwenye chumba cha boila ameshatandika magunia.

Nilimwambia mama angeweza kulala ng'ambo ya ngazi kwa Perpétue, fundi cherehani kutoka Bukavu, mwanamke mwenye roho nzuri. Masinde akauliza kama nataka watu waseme kwamba alimfukuza mzazi wangu akalale kwa wageni, kati ya vitambaa. Mama naye, nilipopanda, alikuwa ameshafunga mfuko wake akitaka kwenda kulala kwa huyohuyo Perpétue, ili mwenye nyumba alale kwake. Nilibishana na heshima mbili jioni moja, mgongo unaniuma. Mwishowe umri ukashinda: mama akalala kitandani nami, na Masinde akabaki chini.

Perpétue alicheka mpaka sindano zikamtoka mdomoni. "Ule bwana yako ana nyumba ya kizungu, anaenda kulala ndani ya jivu," aliniambia. Nami nilicheka. Wiki ile ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha kweli. Nilimteremshia Masinde chakula kwa kikapu na kamba kutoka roshani. Alipotaka kuvuka ua alikohoa kwanza, na mama akisikia kikohozi aligeukia ukuta, hata kama ameshika sufuria ya moto. Nguo za mume wangu, wembe wake, sabuni yake, vyote nilivihamisha chini, kwa kuwa mama hakuweza kuoga akiitazama suruali ya mkwe wake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema watu. Mama alilichukua jembe mwenyewe siku ya kwanza. Alifua, akapika, akanikanda miguu, na kila usiku kabla ya kulala aliniomba msamaha kwa kumtoa mtu kitandani pake.

Kisha yakatokea yale ya uwanja wa ndege Entebbe, usiku mmoja mwanzoni mwa Julai, makomando wa kigeni waliposhuka kuokoa mateka wa ndege, na redio ikaanza kusema kwamba Wakenya ndio waliowasaidia wageni wale. Mimi nilikuwa muuza majiko. Sikujua uwanja ule hata una milango mingapi. Lakini baada ya siku tatu Owuor, karani wa reli aliyekuwa akisali nasi, hakufika nyumbani kutoka kazini. Mkewe Ajwang alizunguka vituo vya polisi wiki nzima, mpaka askari mmoja akamwambia kwa upole aache kuzunguka. Mpaka wa Kenya ukafungwa. Kwenye vizuizi vya barabarani wakawa wanauliza vitambulisho, na mwenye kitambulisho cha Kenya alishushwa.

Tangu hapo Masinde hakulala chini kwa ajili ya heshima peke yake. Alikuwa amejificha. Mchana alikaa gizani nyuma ya boila, na watu mtaani nikawaambia amesafiri kwenda Jinja kutafuta kazi.

Mama hatukumwambia. Hapa ndipo ninapojiumiza kila ninapokumbuka, kwa hiyo nitalisema kama lilivyokuwa. Nilimwambia mabasi hayana petroli. Kwanza, mambo ya mkwe hayazungumzwi masikioni mwa mama mkwe. Siwezi kumwambia mama kwamba mume wangu anaogopa, hata neno lenyewe halina njia ya kutokea. Pili, nilimjua. Angesikia kwamba Wakenya wanasakwa na kwamba kuwepo kwake kunatuongezea hatari, angeshika njia ya Busia kwa miguu siku hiyohiyo, na hatari yenyewe ilikuwa njiani. Masinde alikubaliana nami. Basi mama akaendelea kuamini kwamba mtu yule anaumia kwenye majivu kwa sababu yake yeye tu. Kila siku alinyong'onyea zaidi. Akaanza kukataa kulala kitandani, akawa anajikunyata pembeni kabisa kama anayeogopa kukichakaza.

Mwanzoni mwa Agosti, Jumanne, alinijia Kamis. Kamis alikuwa sajini, Mnubi wa Bombo, mlinzi wa ghala la matairi mbele yetu. Alizoea kunywa uji kwetu tangu boila lilipokuwa la moto, na alijua alipo Masinde, maana moshi wa sigara zake ulitokea kwenye dohani ya kiwanda. Alinikuta uani nikipanga majiko. Akaniambia bila kunitazama kwamba Alhamisi asubuhi Luteni Faruk atapita mtaa mzima kuhakiki nyumba. Watu walipewa nyumba kisha wakazipangisha, serikali imechoka. Mwenye barua asipokutwa ndani, nyumba inachukuliwa.

Nikamwambia Masinde atapanda, atakutwa. Kamis akatikisa kichwa. Luteni atakuwa na vitabu viwili, akasema, kimoja cha nyumba na kimoja cha Wakenya. Atakayeandikwa yupo kwenye cha kwanza, na ni Mkenya, ataandikwa na kwenye cha pili.

Nilimuuliza kama hawezi kuandika ukweli tu: kwamba mtu huyu anaishi hapa, ila analala chini kwa ajili ya mama mkwe. Ilikuwa akili ya mtu anayezama. Kamis hakucheka.

"Mimi nasikia wewe, mama. Hata kwetu, mimi hapana kula mbele ya mama ya bibi yangu," alisema. "Lakini karatasi ya serikali hapana jua mama mkwe."

Kisha akaniambia atakachofanya. Yeye ndiye atakayepanda ngazi, Luteni hapendi ngazi. Atatazama ndani, hataona nguo ya mwanamume, ataandika hayupo. Nyumba itakwenda. Mtu atabaki.

Jioni nilishuka nikamweleza Masinde. Alikwangua kutu kwenye kizibo cha boila kwa ukucha. Miaka sita alikuwa ameilisha mashine ile moto, na fleti ile ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake kilichoandikwa jina lake. Alitaka mtoto azaliwe juu, kwenye maji ya bomba. Niliona anavyoimeza nyumba ile kooni kama kipande cha ugali mkavu. Mwishowe akasema, "Iende. Mtalala kwa Perpétue, mimi nibaki hapa chini, mpaka njia ifunguke." Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilipanda juu nikiwa mwepesi, na mama aliponiuliza mbona nina furaha nikamwambia mtoto amegeuka vizuri.

Alhamisi ilifika na jua kali. Saa tatu hivi gari likasimama uani, la bluu, na askari wawili nyuma. Luteni Faruk alikuwa kijana msafi mwenye miwani myeusi. Alibaki amekalia boneti ya gari, vitabu magotini. Masinde alikuwa amejipenyeza kwenye tanuri la boila, mahali pa makaa, akajifungia kwa ndani. Ule uwazi haumtoshi mtu mzima isipokuwa fundi anayejua namna ya kujikunja.

Mama nilimwacha jikoni akichekecha unga wa wimbi. Nilimwambia maofisa wa nyumba wanapita, jambo la kawaida, atulie. Kamis akapanda. Alisimama sebuleni na kofia mkononi, akatazama kabati lenye magauni mawili, lake mama na langu, akatazama kitanda. Kisha akatoka roshani akasema kwa sauti ya kijeshi ili chini wasikie:

"Afande, hapa wanawake tu. Mwenye barua hapana iko. Alisafiri."

Luteni akaandika. Akauliza kama nyumba ni nzuri. Kamis akasema ni ya kawaida. Luteni akasema basi imerudi serikalini, wanawake watoke kesho saa sita. Nilishika mlango. Nikajiambia sasa imekwisha, imekwisha, imekwisha.

Sikumwona mama akipita. Nilichoona ni mgongo wake, ameshafika roshani, unga wa wimbi umemjaa mikononi. Ameinama juu ya ukuta. Na mama yangu, ambaye kwa miaka minane alimwita mume wangu "mtu wa kule" na "baba wa nyumba", ambaye alikuwa tayari kuungua mkono kuliko kumtazama usoni, akapaza sauti ua mzima ukasikia.

"Masinde! Masinde mwana wa Wafula! Toka uonekane, wanachukua nyumba yako!"

Nilimvamia nikamziba mdomo. Nilimziba mama yangu mdomo kwa kiganja, Mungu anisamehe. Alinitazama kwa mshangao, akaniondoa mkono taratibu, akawaambia wale watu chini, kwa Kiswahili chake cha Busia kilichonyooka, kwamba mwenye nyumba yupo, hajasafiri popote, ameishi hapahapa, ni yeye mwanamke mzee aliyemtoa chumbani, na wasimwadhibu mtu kwa kosa la mgeni wake.

Luteni alivua miwani akamtazama Kamis, si mama. Kamis akawa mtu wa udongo.

Hata leo sijui ni kwa nini Masinde alitoka. Pengine aliwaza kwamba wakimtafuta wenyewe, wataanza na mimi na tumbo langu. Pengine alitaka kumwokoa Kamis. Lakini mimi niliyezaliwa kule najua pia kwamba mama mkwe akivunja mwiko wa maisha yake yote akakuita kwa jina, huwezi kukaa kimya. Tulisikia chuma kikikwaruza. Akatoka mlango wa kiwanda mweusi wa masizi kuanzia nywele hadi vidole, akikunjua mgongo polepole, akichomeka shati ndani ya suruali.

"Naam, mama," akajibu. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia, na aliyasema akitazama chini.

Na mama, kwa kusikia sauti yake, akafanya kama alivyofundishwa. Akageuka. Akaelekeza uso ukutani, mikono yenye unga ameifumba kifuani, akatulia hivyo. Kwa hiyo hakuona lolote.

Mimi niliona. Luteni alicheka kidogo, akamwuliza Kamis kama huyu ndiye asiyekuwepo. Akamwomba Masinde barua. Masinde aliitoa mfuko wa shati, imekunjwa kwenye nailoni, akampa pamoja na kitambulisho kwa kuwa aliambiwa vyote. Luteni akakata alichoandika kwenye kitabu cha kwanza akaandika upya. Kisha akafungua cha pili. Alikuwa na adabu, hilo ndilo lililonitisha. Akasema nyumba ni halali yake, hongera, twende ofisini mara moja barua igongwe mhuri mpya. Askari wawili wakasogea, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakamkalisha katikati.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kushuka ngazi, lakini Kamis alikuwa mlangoni, akanishika bega, akaniambia kwa sauti ya chini nisishuke, nafasi kwenye gari ingalipo. Masinde aliinua macho akanitazama mimi, kisha akautazama mgongo wa mama, akatikisa kichwa kidogo sana. Nilimwelewa. Alikuwa akiniambia nisimwambie. Gari likarudi nyuma, likapinda kwenye gereji, na hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kumwona mume wangu.

Kamis naye alikuwa ameshuka akaenda na gari lile, amesimama mlangoni mwake, hakurudi, na ghala la matairi likapata mlinzi mwingine.

Mama aliposikia injini imekwisha ndipo akageuka. Aliuliza kama wameandika vizuri. Nikasema wameandika. Akauliza kama nyumba imebaki, nikasema imebaki. Alikaa sakafuni akajipangusa machozi kwa kitambaa cha kichwa, akaanza kucheka, akisema aibu aliyoipata leo itamfuata kaburini, kuita jina la mkwe kwenye watu, lakini heri aibu kuliko mjukuu kuzaliwa barabarani. Akauliza wamempeleka wapi. Nikasema kugonga mhuri.

Nilitaka kumchukia. Nilimtafutia chuki kila pembe ya mwili wangu nikaikosa, nikakuta ni mimi niliyenyamaza na ni yeye aliyesema, na kati yetu sijui nani aliua. Mtoto alinipiga teke. Nilikaa kwenye kiti nikaangalia mikono yangu, na hakukuwa na kitu duniani ambacho mikono ile ingeweza kufanya.

Mchana wote mama alifanya kazi kama msichana. Alisema mambo hayawezi kuendelea hivi, mtu aliyetetewa nyumba yake lazima alale ndani yake. Akafunga mfuko wake, safari hii bila kuniomba ruhusa, akaupeleka kwa Perpétue. Perpétue alikuwa ameona yote dirishani. Alinitazama juu ya kichwa cha mama, macho yamemjaa, nami nikamtikisia kichwa kama nilivyotikisiwa. Akaupokea mfuko, akasema, "Karibu, mama, nafasi iko."

Mama akarudi mara moja ya mwisho. Aliingia chumba cha kulala akiwa ameinamisha macho, akaniita nimshikie shuka upande wa pili, kwa kuwa si vizuri yeye kutandika kitanda cha mkwe peke yake. Tukatandika. Alilainisha mikunjo, akapuliza mto, akaweka ndoo ya maji karibu na bafu kwa ajili ya masizi yale.

"Atarudi saa ngapi?" aliniuliza. "Nisije nikakutana naye kwenye ngazi."

"Jioni, mama," nikamwambia.

Akasema basi aharakishe, akavaa viatu vyake, akatoka.